Wakazi wa Kuta za Bandari: Funzo Kutoka Darwin

Leo macho yanaelekezwa mahali ambapo wasafiri wengi hupita bila ya kutazama, yaani kwenye kuta, nguzo na maboya ya bandari, na kwa viumbe wanaoishi juu yake.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama ukingoni mwa gati wakati maji yamekupwa, iwe ni Kilindini, Matrah au Southampton, ameuona ukuta ukiwa umegawanyika kwa mistari. Juu kabisa saruji ni kavu na nyeupe. Chini yake kuna utando mweusi unaoteleza, ambamo konokono wadogo, wengine wasiozidi punje ya mahindi, wamejibana wakisubiri maji yarudi. Kisha unafuata ukanda wa magamba makali yanayoweza kumchana mtu mguu, halafu chaza na kome walioshikana. Na mwisho, pale ambapo maji hayaondoki hata wakati wa bamvua, huning'inia mwani, sifongo, na wanyama laini wenye umbo la kifuko ambao wakiguswa hurusha maji.

Mara nyingi watu huuita mkusanyiko huu uchafu wa gati. Wataalamu wa bahari huutazama kama mji wenye mitaa yake. Na kama ilivyo katika kila mji wa bandari, baadhi ya wakazi ni wenyeji na baadhi ni wageni walioletwa na vyombo. Swali la nani amefika, na amefika kwa njia gani, linaweza kugharimu mamilioni ya fedha na riziki za watu. Mnamo mwezi Machi 1999, mji wa Darwin ulioko kaskazini mwa Australia ulilazimika kulijibu swali hilo katika muda wa siku chache tu.

Namna ukuta unavyopata wakazi

Nguzo mpya ikitumbukizwa baharini haikai tupu. Katika saa za mwanzo hufunikwa na utando mwembamba wa chembechembe zilizomo majini. Baadaye huja bakteria, kisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na nguzo huanza kuteleza. Baada ya siku au wiki kadhaa huwasili mabuu ya wanyama wakubwa zaidi. Ikumbukwe kwamba chaza, kome, sifongo na wengi wa jamii hii, wakishakua, hubaki mahali pamoja. Safari yao huifanya utotoni, wakielea na mkondo hadi wapate pa kushika.

Miongoni mwa wanaowahi kufika ni banakeli, yule mnyama mwenye gamba la chokaa lililochongoka mithili ya mlima mdogo wa volkano. Kwa sababu ya gamba lake, zamani alidhaniwa kuwa ni jamaa wa chaza, ilhali yeye ni wa ukoo wa kaa na kamba. Buu lake likifika ukutani hutembea likipapasa huku na huko, na hupendelea mahali penye dalili za banakeli wenzake. Likishachagua, hujibandika kwa upande wa kichwa kwa gundi yenye nguvu, na tangu hapo halihami tena. Maji yakijaa, mnyama huyu hufungua mlango wa gamba na kuichezesha miguu yake yenye manyoya ili kunasa chakula. Maji yakikupwa hufunga mlango na kubaki na unyevu wake ndani, akilisubiri jua lipite.

Kwa desturi, mpaka wa juu wa kila ukanda huamuliwa na jua na ukavu, kwani kila kiumbe kina kiasi chake cha kustahimili kukaa nje ya maji. Mpaka wa chini huamuliwa zaidi na maadui na washindani. Konokono walao nyama, kaa na viti vya pweza hupanda kutoka chini na kula wanaowafikia, na wenye kukua haraka huwafunika wanaokua polepole. Kwa hivyo mistari inayoonekana ukutani ni mipaka ya vita vinavyopiganwa kila maji yanapojaa na kupwa.

Mji huu una manufaa yake. Kome na chaza hujipatia chakula kwa kuchuja maji, na kwa kufanya hivyo huondoa chembechembe zinazoyatia ukungu. Samaki wadogo hujificha katikati ya magamba na mwani, na samaki wakubwa huwafuata. Mvuvi wa mshipi anayekaa kwenye gati jioni anajua kwamba nguzo yenye magamba mengi ndiyo yenye samaki.

Mabaharia na abiria wasiolipa nauli

Tatizo ni kwamba viumbe hawa hawatofautishi baina ya nguzo na chombo. Kwao sehemu ya chini ya meli ni mwamba kama mwamba mwingine. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitambua jambo hili tangu kale. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalipandishwa pwani, yakakwanguliwa, yakatiwa kalafati na kupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Kazi hiyo ilikuwa ni kinga dhidi ya magamba, na pia dhidi ya yule kiumbe atoboaye mbao, ambaye ingawa ana umbo la mnyoo, kwa ukoo ni ndugu wa kombe na chaza.

Katika zama za meli za chuma mbao zilitoweka, lakini abiria hao walibaki. Chombo chenye magamba hukwama majini na kuhitaji nguvu zaidi. Utafiti uliofanywa chini ya mradi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, umeonyesha kwamba hata utando wa ute wenye unene wa nusu milimita, ukifunika nusu ya sehemu ya chini ya meli, unaweza kuongeza gesi chafu inayotolewa na meli hiyo kwa asilimia 25 hadi 30.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilipatikana dawa iliyodhaniwa kuwa ndiyo mwisho wa matatizo, yaani rangi yenye mchanganyiko wa madini ya bati uitwao tributilitini. Rangi hiyo iliua kila kilichojaribu kujibandika. Hata hivyo sumu yake haikubaki kwenye meli. Katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa, chaza waliofugwa walianza kuota magamba mazito yasiyo ya kawaida, na mabuu yao yakafa. Katika maji ya Plymouth, Uingereza, wataalamu waligundua kwamba konokono majike wa mwambani walikuwa wakiota viungo vya kiume, hata baadhi yao wakashindwa kutaga. Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Kwa muda wa kizazi kizima, dawa ya kumwondoa mkazi mmoja wa bandari iliwadhuru majirani wote.

Machi 1999

Bandari ya Darwin ina historia ya kipekee katika suala hili. Ilipewa jina mwaka 1839 na maofisa wa meli ya Beagle, kwa heshima ya msafiri mwenzao wa zamani, Charles Darwin, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kufika hapo. Miaka michache baadaye mwanasayansi huyo alianza kuchunguza banakeli, akidhani kazi hiyo ingekuwa fupi. Ilimchukua miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854.

Maji ya Darwin hupanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita 8. Kwa sababu hiyo, baadhi ya bandari ndogo za mashua za anasa na za uvuvi zimejengwa nyuma ya milango mikubwa inayozuia maji yasitoke yanapokupwa. Mojawapo ni Cullen Bay. Mwezi Septemba 1998 wazamiaji walikagua maeneo hayo na hawakuona jambo la kutia shaka. Walipozama tena mwishoni mwa Machi 1999, waliwakuta kome wasiowajua, wadogo kama ncha ya kidole, wakiwa wamefunika nguzo, kamba, minyororo na vyombo. Mahali pengine idadi yao ilizidi 20,000 katika mita moja ya mraba. Miezi sita tu ilikuwa imepita.

Kome hao, waitwao kome wa mistari myeusi, asili yao ni maji ya joto ya Amerika ya Kati na Karibi. Kabla ya hapo walikwishafika Fiji na India, na kila walikoingia waliziba mabomba na kulemea maboya. Kome huyu hupevuka akiwa na umri wa takriban mwezi mmoja, na jike hutaga mayai kwa maelfu. Aidha, anastahimili maji ya chumvi nyingi na pia maji yaliyopozwa na mvua za masika, ambazo huwaua wenyeji wengi. Kwa maneno mengine, msimu unaowadhoofisha wenyeji humfungulia yeye nafasi.

Muda mfupi baadaye kome hao walionekana pia katika bandari ndogo mbili nyingine za mji huo. Hofu ilikuwa ni kwamba wangevuka milango na kuenea katika pwani yote ya kaskazini, ambako kunafugwa chaza wakubwa wa lulu. Biashara hiyo iliingiza mamia ya mamilioni ya dola za Australia, na kome wanaojibandika juu ya kila kitu wangewafunika chaza na vikapu vyao.

Wakuu wa serikali ya Eneo la Kaskazini walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kungoja, kuchunguza na kutumaini kwamba kome wasingetoka nje. Ya pili ni kufunga milango na kutia sumu, huku wakijua kwamba sumu iuayo kome ingeua pia samaki, kaa, mwani na kila kilichomo. Kila siku iliyopita iliwakaribisha kome kwenye uzazi mwingine. Wakuu hao walichagua njia ya pili.

Milango ilifungwa, na vyombo vilivyokuwa ndani vikazuiwa kutoka. Ilimwagwa klorini kwa tani nyingi, kisha salfeti ya shaba. Wazamiaji na watumishi wa idara mbalimbali, jumla yao watu zaidi ya 200, walifanya kazi usiku na mchana. Mabomba ya ndani ya mashua, ambamo maji ya bahari hupita ili kupoza injini, yalisafishwa moja baada ya jingine, kwani kome mmoja aliyejificha humo angeweza kuanzisha kizazi kipya. Vyombo vilivyokuwa vimekwishaondoka kabla ya kugunduliwa kwa kome vilitafutwa katika pwani ya Australia na kukaguliwa.

Kabla ya mwisho wa Aprili, wazamiaji hawakumwona kome hata mmoja aliye hai. Bandari hizo tatu zilikuwa kimya, na samaki waliokufa walikusanywa kwa nyavu. Gharama ilizidi dola milioni 2 za Australia. Milango ilipofunguliwa, maji ya nje yaliingia na mabuu ya wenyeji, na kuta zikaanza kupata wakazi upya. Miongoni mwa matukio machache duniani ambapo mgeni wa baharini aliyekwishakita makazi ameondolewa kabisa, hili ndilo linalotajwa mara nyingi zaidi.

Ni wazi kwamba kufaulu huko kulitokana na mambo mawili ambayo bandari nyingi hazina. Kwanza, palikuwa na mlango wa kufunga. Kilindini haina mlango, wala Dar es Salaam, wala Maskati. Pili, walikuwapo watu waliozama mwezi Septemba na kuandika walichokiona. Bila ya orodha ile ya Septemba, nani angeweza kusema mwezi Machi kwamba kome hao ni wageni?

Ukuta laini na mwamba wenye mashimo

Suala la wageni linaambatana na suala la aina ya kuta zinazojengwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mwamba wa asili mahali pengi ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Jiwe hilo limejaa matundu, mapango na vidimbwi. Maji yakikupwa, kidimbwi hubaki na maji, na ndani yake husalimika samaki wachanga, kaa, shefa na pweza mdogo. Aidha, mwamba huo huteremka polepole, hivyo eneo linalofunikwa na kufunuliwa na maji huwa pana.

Ukuta wa saruji husimama wima na uso wake ni laini. Eneo ambalo kwenye mwamba lingekuwa la makumi ya mita hubanwa katika mita chache. Hapana kivuli wala kidimbwi, na jua la adhuhuri hukausha kila kitu. Wenyeji wengi hushindwa kuishi hapo. Kwa upande mwingine, magati yanayoelea na maboya hayakauki kamwe, na adui atambaaye kutoka sakafu ya bahari hawezi kuyafikia kwa urahisi. Ndiyo sababu tafiti katika bandari mbalimbali zimewakuta wageni wakiwa wengi zaidi chini ya magati yanayoelea kuliko juu ya miamba iliyo jirani. Binadamu, bila ya kukusudia, amemjengea mgeni nyumba na kumbomolea mwenyeji yake.

Huko Sydney, ambako zaidi ya nusu ya ufuko wa bandari umegeuzwa kuwa kuta, wataalamu wa taasisi ya sayansi ya bahari ya mji huo walianzisha mwaka 2018 mradi wa kuta hai. Vigae vya saruji vilivyofinyangwa kwa mfano wa mwamba, vyenye mashimo, nyufa na vibakuli vya kuhifadhi maji, hupigiliwa juu ya kuta za zamani. Ukuta hubaki na nguvu zake za kuzuia mawimbi, lakini uso wake hupata vivuli na unyevu. Mwani, chaza na samaki wadogo wamerudi mahali hapo. Wataalamu wenyewe hutahadharisha kwamba kigae hakichukui nafasi ya ufuko uliobaki mzima, na kwamba kinafaa pale tu ambapo ukuta umekwishajengwa au hauna budi kujengwa.

Yanayowezekana

Kimataifa, mkataba unaosimamia maji ambayo meli hubeba tumboni ili kupata uzito, na ambayo humwagwa bandarini pamoja na mabuu yaliyomo, ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Kuhusu viumbe wanaojibandika nje ya meli, IMO ilitoa miongozo mwaka 2011 na kuirekebisha mwaka 2023. Miongozo hiyo ni ya hiari, na hapa ndipo pengo lilipo, kwani maji ya tumboni yana sheria ilhali magamba ya nje yanategemea zaidi nia njema ya mwenye meli.

Hata hivyo njia iliyo bora kuliko zote kwa bandari isiyo na mlango ni rahisi na haihitaji fedha nyingi. Vibao vidogo hufungwa kwenye kamba na kuning'inizwa chini ya gati. Kila baada ya wiki kadhaa huvutwa juu, hupigwa picha, na walioota juu yake huhesabiwa na kutajwa. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuifanya kazi hiyo, na mvuvi mzee anayejua magamba ya kwao anaweza kumsaidia kutambua lisilo la kawaida. Mji wa Darwin umeendelea kutumia vibao vya namna hii tangu tukio la 1999, na mashua zitokazo nchi za nje hukaguliwa kabla ya kuingia katika bandari zake zenye milango.

Pwani ya Waswahili nayo inabadilika. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa mwezi Mei 2021, na bandari za Mombasa na Dar es Salaam zimepanuliwa. Kila gati jipya ni mwamba mpya uliowekwa baharini, na hautakaa mtupu. Orodha ya wakazi wake inaweza kuandikwa tangu siku ya kwanza, au inaweza kuachwa hadi siku atakapokutwa mgeni ambaye hakuna ajuaye alifika lini.

Kwa wasikilizaji wanaomiliki mashua, iwe ni katika Ghuba, Uingereza au Marekani, wajibu ni mdogo lakini una uzito. Chombo kikwanguliwe nchi kavu kabla ya safari ndefu, magamba yasirudishwe majini, na mabomba yakaguliwe. Manahodha wa majahazi walifanya hivyo kila msimu kwa ajili ya mwendo wa vyombo vyao. Leo kazi ile ile inailinda pia bahari ya watu wengine.

Atakayepita bandarini wakati maji yamekupwa, na ainame ukingoni mwa gati atazame.